Maji ya Kunywa Kisumu na Nakuru: Jua Kwanza Kilichoyachafua, Ndipo Uchague Dawa

Katika ploti nyingi za Manyatta na Nyalenda mjini Kisumu, kisima na choo cha shimo vinatazamana. Vyumba vya kupangisha vilijengwa kwanza, choo kikachimbwa penye nafasi iliyobaki, na kisima kikapata kipande ambacho choo hakikukihitaji. Mpangaji anayeteka maji hapo anajua kwamba si masafi, kwa hivyo huyachemsha, au huyatia dawa, au huyaacha yatulie usiku kucha, na mara nyingi hufanya mojawapo ya hayo bila kujua linaondoa nini na linaacha nini. Mtu huyo huyo akihamia Nakuru kwa kazi, ataendelea kuchemsha maji ya kisima kirefu kama alivyozoea, ilhali huko uchafu wenyewe ni wa aina nyingine na moto hauugusi. Hatua zifuatazo zinaanzia kwenye chanzo cha maji, kisha zinafuata mtungi hadi kwenye kikombe.

Hatua ya kwanza: Jua maji yametoka wapi

Mwenye mkokoteni anaposhusha mitungi mlangoni, wengi wetu humwuliza bei tu. Mwulize pia ameyateka wapi, na umwulize tena siku ambayo mifereji ya mtaa imekauka, kwa sababu siku hiyo chanzo kinaweza kubadilika bila bei wala tabasamu lake kubadilika. Ukishapata jibu, unaweza kukisia kwa uhakika wa kutosha kilichomo ndani ya maji.

Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini kwenye mtambo huwa salama yanapotoka huko, lakini njiani hupita katika mabomba membamba ya plastiki ambayo mengi yamelazwa ndani ya mitaro ya maji machafu. Maji yakiwa na msukumo, bomba lenye ufa huvujisha nje. Maji yakikatika, msukumo hupotea na ufa ule ule huvuta maji ya mtaroni kuingia ndani. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao kurudi ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kinga ndoo mbili au tatu za mwanzo, uzitumie kupiga deki, na maji ya kunywa uyateke baadaye.

Maji ya kisima kifupi cha ploti hubeba vijidudu vya kinyesi, na mara nyingi hubeba kemikali ya naitreti inayotokana na choo. Naitreti haiondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake kuwa miligramu 50 kwa lita kwa sababu ya hatari yake kwa watoto wachanga wanaonyweshwa kwa chupa, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Kwa hiyo maziwa ya unga ya mtoto wa chini ya miezi sita yasikorogwe kwa maji ya kisima cha ploti, hata yakichemshwa mara ngapi.

Maji ya ziwa yana mambo matatu. Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria ni ya kina kifupi, nayo hupokea maji ya mito ya Nyando, Sondu-Miriu na Kibos pamoja na vijito vya mjini kama Kisat na Auji, na vyote huleta tope, mbolea ya mashambani na maji taka. Rutuba hiyo hulisha gugu maji, na pia hulisha mwani wa kijani unaoelea kama rangi iliyomwagika. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu ya ini, na kuuchemsha hupasua chembe zake na kuiachilia sumu ndani ya maji, basi usiteke kamwe mahali penye utando huo. Jambo la tatu ni kichocho, ambacho huingia mwilini kupitia ngozi mtu anapoingia majini kuteka, kufua au kuoga. Maji ya ziwa yaliyokaa kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili hayaambukizi tena kichocho, kwa kuwa vimelea hivyo hufa vikikosa mwili wa kuingia, lakini miguu ya aliyekwenda kuyateka haikupata kinga hiyo.

Hatua ya pili: Kagua kisima kwa miguu na kwa kamba

Ukaguzi wa kisima hauhitaji mtaalamu. Simama kwenye mlango wa choo kilicho karibu zaidi, kisha utembee kuelekea kisimani ukihesabu hatua. Umbali unaopendekezwa kwa kawaida ni mita 30, sawa na hatua kama 40 za mtu mzima. Katika ploti ya Manyatta utabahatika ukifikisha kumi. Hesabu pia vyoo vya majirani, kwa maana maji yaliyo chini ya ardhi hayajui ua wala hati ya kiwanja, na utazame ardhi imeinamia wapi: choo kilicho upande wa juu ni hatari kuliko kilicho upande wa chini.

Kisha pima kina. Funga jiwe kwenye kamba, ulishushe kisimani mwezi wa Aprili mvua zinapokuwa zimekolea, na upime umbali kutoka usoni mwa ardhi hadi jiwe linapogusa maji. Sehemu kubwa ya mitaa ya chini ya Kisumu ina maji karibu na uso wa ardhi, na msimu wa mvua huyapandisha zaidi. Inatakiwa kitako cha shimo la choo kibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji hayo. Ikiwa kamba inakuambia kwamba maji yako mita mbili kutoka juu, na shimo la choo lina kina cha mita tatu, basi choo na kisima vinashiriki maji mamoja, hata kama kati yao pana ukuta wa mawe uliopakwa chokaa.

Baada ya hapo tazama mdomo wa kisima. Unapaswa kuinuliwa angalau nusu mita kutoka ardhini, uzungukwe na sakafu ya saruji isiyo na nyufa inayoinama kuelekea nje, na uwe na kifuniko kinachofungwa. Kuta za ndani, hasa mita tatu za juu, zinapaswa kuzibwa kwa saruji ili maji ya mvua yasipenye kutoka ubavuni. Mwisho tazama ndoo. Katika ploti niliyowahi kuishi, kila mpangaji alikuja na ndoo yake na kamba yake. Kamba ililala matopeni kuku wakipita juu yake, na ndoo iliyotoka kuosha choo ndiyo iliyoshuka kisimani dakika tano baadaye. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndoo moja ya kisima, inayotundikwa kwenye ndoano na kukatazwa kwenda popote pengine, ni nafuu kuliko matengenezo mengine yote, na binafsi ningeanza nayo kabla ya kumwendea mwenye nyumba kumwomba saruji. Pampu ya mkono ni bora zaidi, wapangaji wakiweza kuichangia.

Hatua ya tatu: Tia klorini kisimani, pale tu inapofaa

Kutia klorini kisimani kunafaa baada ya mafuriko, baada ya mnyama kutumbukia, au baada ya kukikarabati kisima. Hakufai kama dawa ya kila mwezi kwa kisima kilicho hatua kumi kutoka chooni, kwa sababu klorini itaisha na uchafu utaendelea kupenya. Kisima cha namna hiyo kichukuliwe kuwa cha kufulia na kupigia deki, na ikibidi maji yake yanywewe, yatibiwe mtungi kwa mtungi.

Ukiamua kutia, anza kwa hesabu. Pima kipenyo cha kisima na kina cha maji yaliyomo, vyote kwa mita. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa kina, kisha kwa 0.785, na utapata mita za ujazo. Kisima chenye kipenyo cha mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina mita za ujazo 2.4 hivi, yaani lita 2,400. Ili kufikia miligramu 50 za klorini kwa lita, kisima hicho kinahitaji gramu 120 za klorini yenyewe, ambazo ni gramu 170 hivi za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, au takriban lita tatu na nusu za dawa ya majimaji ya kung'arishia nguo yenye nguvu ya asilimia 3.5. Dawa hiyo iwe isiyo na manukato wala sabuni.

Jaza ndoo maji kwanza, ndipo utie unga kidogo kidogo ukikoroga kwa mti, ukiwa nje penye upepo na umefunika mikono. Usichanganye klorini na asidi ya kuoshea choo hata kidogo, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mimina kuzunguka kuta za kisima, korogesha maji kwa kushusha na kupandisha ndoo, kisha ufunike na kumwarifu kila mpangaji, pamoja na watoto, kwamba kisima hakiguswi kwa saa 12. Asubuhi teka na kumwaga hadi harufu kali iishe, ukiyamwaga mbali na bustani ya mboga na mbali na kijito chenye samaki.

Hatua ya nne: Ondoa tope kabla ya dawa

Klorini ikikutana na tope hujimaliza kwenye tope, na vijidudu husalimika. Maji ya Nyando baada ya mvua kunyesha milimani hufanana na chai ya maziwa, na kuyatia dawa yakiwa hivyo ni kutupa pesa. Yaache yatulie tangu jioni hadi asubuhi, umimine ya juu polepole kwenye chombo kingine, kisha uyachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Yakigoma kutulia, shabu au mbegu za mlonge zilizotwangwa na kukorogwa ndani yake hukusanya tope na kulizamisha.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Jaza maji kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, uisimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti, kisha uchungulie kutoka mdomoni. Ukiweza kuzisoma herufi kubwa, maji yamekuwa meupe kiasi cha kutosha kutibiwa.

Hatua ya tano: Ua vijidudu

Kuchemsha ndiyo njia ya kuaminika zaidi, kwa kuwa huua bakteria, virusi na hata vile vimelea vyenye ganda ngumu ambavyo klorini haiviwezi. Kwa sababu hiyo, nyumba yenye mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili ni afadhali ichemshe. Maji yanatakiwa yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda bila kukoma, kwa dakika moja kamili. Hilo latosha Kisumu na Nakuru mjini. Ukiishi penye mwinuko unaozidi mita 2,000, kama Molo, yaache dakika tatu, kwani huko maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Yaache yapoe ndani ya sufuria hiyo hiyo, ikiwa imefunikwa. Hasara ya kuchemsha ni makaa, na anayenunua makaa kwa mkebe hulijua hilo kuliko mwandishi yeyote.

Klorini ya chupa ndogo au ya vidonge ni nafuu zaidi. Kidonge cha miligramu 67 kimepimwa kwa mtungi wa lita 20 za maji meupe. Dawa ya chupa nayo hupimwa kwa kizibo chake, na kiasi kimeandikwa ubavuni. Tikisa mtungi, kisha usubiri dakika 30 kwa saa, si kwa kukisia. Baada ya hapo unapaswa kusikia harufu hafifu ya dawa. Usipoisikia kabisa, maji yalikuwa na uchafu mwingi ulioimaliza klorini, na inakubidi urudie. Wanaolalamika kwamba maji yananuka dawa waelezwe kwamba harufu hiyo ni mlinzi aliyebaki kazini. Akichoka, maji yanaweza kuchafuka tena. Katika vijiji vya Busia, Kakamega na Siaya, baadhi ya chemchemi na visima viliwekewa tangi dogo la klorini lililofungwa kwenye nguzo pembeni. Ukilikuta bado lina dawa, weka mtungi mtupu chini yake, uzungushe valvu mara moja, ndipo ujaze maji, kwa kuwa mwendo wa kurudi nyumbani ndio unaokoroga.

Asiye na makaa wala dawa anaweza kutumia jua. Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili, yenye maji meupe, ilazwe juu ya mabati kwa saa sita za jua, au kwa siku mbili mfululizo mawingu yakitanda.

Hatua ya sita: Usiyachafue tena

Hapa ndipo kazi yote huharibika. Utafiti uliofanyika Busia na kuchapishwa mwaka 2011, ambao Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, alikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulionyesha kwamba kujengea chemchemi kulipunguza uchafu wa kinyesi pale chemchemini kwa asilimia 66, lakini maji yaliyokuwa ndani ya nyumba hayakuboreka kwa kiasi hicho, kwa kuwa yalichafuka tena katika kubebwa na kuhifadhiwa.

Chukua mtungi wako wa lita 20 sasa hivi, uumulike ndani kwa tochi ya simu. Kwenye pembe za chini na chini ya mpini, mahali mkono usipofika, kuna uwezekano mkubwa uone utando wa kijani unaoteleza. Utando huo ni makao ya vijidudu, na kusuuza kwa maji matupu hakuutoi. Tia gao mbili za kokoto ndogo au mchanga mkavu, maji kidogo na sabuni, utikise kwa nguvu ukiugeuza pande zote, umwage, usuuze, kisha umalizie kwa maji yenye klorini. Fanya hivyo kila wiki. Mtungi uliowahi kubeba dawa ya shambani au mafuta ya gari usiuoshe. Usiutumie kamwe kwa maji ya kunywa.

Maji yaliyokwisha kutibiwa yamiminwe, yasichotwe. Ndoo yenye kifuniko na bomba dogo chini ndiyo bora. Kama nyumba inapenda chungu cha udongo, na hakuna asiyejua utamu wa maji ya chungu mchana wa Kisumu, tibu maji kwenye plastiki kwanza, uyamimine chunguni yakiwa tayari, na utumie kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani. Kikombe kinachoingia chunguni pamoja na vidole vya mtoto aliyetoka kucheza mtaroni hufuta kila ulichofanya tangu hatua ya kwanza. Maji ya chungu yanywewe ndani ya siku moja.

Ukiwa Nakuru: floridi

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia madini ya floridi katika maji ya visima virefu, na katika sehemu nyingi za Nakuru kiasi chake huzidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji haya huwa meupe, baridi na hayana harufu. Dalili yake huonekana katika meno ya watoto waliokulia hapo, ambayo huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, na kwa miaka mingi ya kuyanywa mifupa nayo huathirika. Klorini haifanyi lolote kwa floridi. Kuchemsha huizidisha, kwa kuwa mvuke huondoka na floridi hubaki katika maji yaliyopungua.

Kinachofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeihudumia kwa miaka mingi, mradi mkaa huo ubadilishwe unapochoka. Chujio lililochoka bado hutoa maji meupe na hudanganya. Njia nyingine ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi. Kama huwezi kuvuna ya kutosha familia nzima, yatenge kwa watoto wa chini ya miaka minane, ambao meno yao ya kudumu bado yanaumbika, na watu wazima wapikie ya kisimani.

Hesabu ya mvua ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 20 za mraba hutoa lita 20 kwa kila milimita, na lita 20 hizo za mwanzo, zilizobeba vumbi na kinyesi cha ndege, zimwagwe kabla ya kuelekeza mlizamu kwenye tangi. Maji ya mvua nayo yatiwe klorini.

Hatua ya mwisho: Lalamika kwa maandishi

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Haki hiyo haiji yenyewe mlangoni. Maji ya mfereji yakibadilika rangi au harufu, jaza chupa safi, iandike tarehe, saa na mahali, ulipige picha bomba lililopasuka, kisha uandike barua kwa kampuni inayokuuzia maji, na nakala kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Isipojibu, peleka lalamiko kwa bodi ya kitaifa inayosimamia huduma za maji. Kama ni mto au ziwa linalomwagiwa taka, mhusika ni mamlaka ya mazingira, NEMA. Ibara ya 70 inakuruhusu pia kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine amepata hasara au madhara, jambo ambalo wakazi wengi wa kando ya Auji na Kisat hawajaambiwa.

Saini za wapangaji kumi wa ploti moja zina uzito kuliko simu kumi zilizopigwa kila mmoja kivyake. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na ikae kwa mpangaji asiye na mpango wa kuhama karibuni.